Manjano Yaliyogeuka Damu Mwankoko

Hakuna jambo la manjano linaloweza kunishangaza. Nalisema hili mwanzoni ili tusipotezeane muda. Mtu akija kwenu kinuni akajifanya anayajua manjano kunishinda mimi, msibishane naye, mwambieni akunjue viganja. Vyangu havijawa na rangi ya viganja vya binadamu tangu Uhuru. Mke wangu alipokwenda kujifungua mtoto wetu wa kwanza, muuguzi alinitazama mimi, si yeye, akaniuliza nimeanza kuumwa lini.

Nawaandikia ninyi vijana mnaobaki na mashine ya ushirika. Mimi kifua kimekataa vumbi. Daktari ameniambia nikiendelea nitakuwa nasaga mapafu yangu mwenyewe, basi nimewakabidhi funguo nikiwa bado na nguvu za kugombana. Vyeo sitavieleza, na mshahara ni aibu yetu sote. Kusoma nimesoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili nilikaa nalo miaka miwili kwa kulipenda. Mkikuta neno limekosewa, lisahihisheni kimya kimya.

Kazi nilifundishwa na Mzee Faraji, mtu wa Pangani aliyeletwa Singida na biashara akazuiwa na ndoa. Alikuwa na duka la viungo karibu na soko, na nyuma ya duka palikuwa na kinu, mchi, na chekeche mbili. Nilikuja kwake kutoka nyumbani Mwankoko nikiwa na mabega ya kulima na kichwa kitupu. Hakuniuliza kama najua kusoma. Alinipa kipande kimoja kikavu, kigumu kama msumari, akasema, "Kivunje."

Nikakipiga mchi mara moja. Kikaruka, kikapita dirishani.

"Vizuri," akasema. "Sasa kakitafute."

Ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza. Nilikitafuta kile kipande barabarani kati ya miguu ya punda, nikarudi nacho, ndipo akanieleza ni nini. Manjano ni ndugu wa tangawizi, mmea wa nchi za mvua. Kinacholiwa ni tunguu la chini ya ardhi. Lile tunguu la katikati tunaliita mama, na yale yanayomtoka ubavuni tunayaita vidole. Yakishachimbwa yanachemshwa mpaka povu lipande na harufu ijae nyumba, kisha yanaanikwa juani mpaka ukigonga vidole viwili vilie kama vijiti. Huku kwetu hayaoti. Niliwahi kuyapanda Mwankoko penye unyevu, nikayamwagilia kama mtoto mgonjwa, nikavuna pungufu ya nilichopanda. Kwa hiyo yetu yalikuja makavu kutoka Morogoro kwa treni mpaka Itigi, na kutoka Itigi kwa lori, pamoja na mbuzi na watu waliolala juu ya magunia.

Mchana wa siku ile nilimpelekea Mzee Faraji unga wangu wa kwanza. Aliutia kidole, akausugua, akaurudisha kinuni.

"Huu si unga," akasema. "Hii ni changarawe iliyokasirika."

Kuna sheria moja aliyonifundisha ambayo nataka mwiandike ukutani: kila unga upite kwenye ulimi wako kabla haujapita kwenye ulimi wa mteja. Wauzaji walikuwa wajanja. Yuko aliyechanganya unga wa mahindi, yuko aliyetia vumbi la tofali. Mfanyabiashara mmoja wa Mitundu aliyatia magunia maji ili yazidi uzito, nami nikamgundua pale pale stesheni ya Itigi kwa kuramba gunia mbele ya watu. Aliniuliza kama kwetu tuna njaa. Nikamwambia kwetu tuna ulimi. Hakuniuzia tena manjano mabovu, na kusema kweli hakuniuzia tena kitu chochote.

Kwa mapishi kazi ilikuwa nyepesi. Watu wetu walizoea nyama kwa chumvi na wakatosheka, lakini walipokwisha kuonja mchuzi wa kuku wenye manjano kwenye harusi za mjini, walirudi nyumbani wakimwona kuku wao amepauka. Mama mmoja wa Kiomboi alikuwa akisafiri na basi mpaka Singida kuja kununua ya maharage tu, kidogo cha kushika kwa ncha za vidole. Niliwaambia wote: kidogo. Manjano mengi yanafanya chakula kiwe kichungu, halafu mpishi anamlaumu msagaji.

Ya ngozi ndiyo yalikuwa na heshima yake. Familia za mjini zenye asili ya pwani haziozeshi binti bila kumsinga. Singo ni unga wa manjano na liwa, ule mti wa kunukia, na unga wa mchele, unakandwa kwa maziwa mpaka uwe kama tope laini, anapakwa bibi harusi uso na mikono na miguu, anasuguliwa taratibu mpaka taka zitoke na ngozi ing'ae kama shaba. Unga wa singo tuliuchekecha mara mbili kwa kitambaa cha melikani, kwa sababu chembe moja ngumu inaweza kumchubua mtoto wa watu shavu, na shavu la bibi harusi, alisema Mzee Faraji, halina kipuri.

Maduka ya watu binafsi yalipofungwa na mambo yakawa ya ushirika, Mzee Faraji hakulalamika. Kinu, mchi, chekeche, mizani na mimi tukahamia ushirika kwa pamoja. Alifariki masika yaliyofuata. Baadaye ikaja mashine ya dizeli, hii hii inayowatoa kamasi, na mimi nikabaki peke yangu mjini mwenye kujua lipi ni mama na kipi ni kidole.

Basi nikaanza kujisifu. Simwombi mtu radhi kwa hilo. Mtu aliyeanza kwa kutafuta kipande barabarani kati ya punda, akafika mahali ambapo wake wa mabwana wakubwa wanamsubiri afungue dirisha, ana haki ya kusema neno. Ila neno moja nililisema mbele ya mtu asiyesahau.

Mtu huyo ni Bi Tatu. Ni mama wa kwetu Mwankoko, na kwa hesabu za ukoo ni shangazi yangu wa mbali. Alikuja kinuni mchana mmoja, kavaa kaniki, kasimama dirishani kama mtu aliyekuja kukamata mwizi. Wanawake wengine walikuwa kwenye foleni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe uliyegeuka rangi?"

Foleni ikacheka. Nikacheka na mimi, ya nini kugombana.

Akaeleza shida yake. Zaina, binti wa kaka yake marehemu, alikuwa anaolewa na Idrisa, kijana wa mjini, mtoto wa Bi Rukia. Bi Rukia huyo alikuwa mama wa kipwani, mjane mwenye nyumba mbili na mdomo mmoja unaozitosha zote. Alikuwa amewatumia watu wa Mwankoko maneno, kwamba binti asingwe kwanza, maana ngozi ya kuchunga mbuzi haingii kwenye shuka zake.

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo, na tumeyameza, kwa sababu ng'ombe wamekwisha kuja," akasema Bi Tatu. Akashusha sauti. "Wamekuja, na wamekwisha kwenda. Mughenyi amewapeleka kwa kina mchumba wake."

Mughenyi ni kaka yake Zaina. Hapo ninyi mliozaliwa mjini nisikilizeni. Kwetu ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka. Zaina asipoolewa, ng'ombe wanatakiwa warudi, na hawapo zizini, wako kwenye zizi la watu wengine, na mchumba wa Mughenyi naye anabaki kwao. Harusi moja ikivunjika, zinavunjika mbili.

Nikampimia unga bora niliokuwa nao, nikamfungia kwenye karatasi, nikamweleza namna ya kuukanda kwa maziwa. Akaunusa, akanitazama.

"Na ukimharibu mtoto wetu?"

Sasa foleni yote ilikuwa inasikiliza. Nikaegemea dirisha.

"Shangazi, haya manjano yameniingia mpaka kwenye jasho. Nimeyaona yakiwa mabichi, makavu, yameoza, yameibiwa. Siku manjano yakinishangaza mimi, nitakuvika khanga."

"Khanga moja?"

"Doti nzima."

"Jamani, mmesikia?" akawaambia wenzake, kisha akaondoka bila kuaga.

Siku ya harusi yenyewe nilikuwa kazini. Adhuhuri, Mughenyi akafika kwa baiskeli. Ni kijana mrefu, asiye na maneno mengi, na fimbo yake ya kuchungia ilikuwa imelazwa juu ya usukani.

"Unaitwa nyumbani," akasema.

Nikajua naitwa kushukuriwa. Nikanawa uso, nikavaa shati la Ijumaa ninaloliweka nyuma ya mlango, nikabeba na kifurushi cha unga wa zawadi. Nikapanda kwenye keria. Tukatoka mjini, tukashuka kuelekea ziwani. Nikamsemesha habari za harusi, akazidi kukanyaga pedali. Nikamuuliza habari za mchumba wake.

"Mchumba wangu yupo," akasema. "Mpaka jioni."

Nilianza kuhisi ubaridi chini ya lile shati la Ijumaa.

Uwanja wa kina Zaina ulikuwa umefagiwa na mikeka imetandikwa, lakini hakuna aliyekuwa amekaa. Sufuria za wali zilikuwa jikoni bila mpishi. Wanaume walisimama upande mmoja, wengine na fimbo, wanawake upande mwingine wamejishika vichwa. Niliposhuka hakuna aliyeitikia salamu yangu. Mzee mmoja nilimpa shikamoo, akatazama pembeni. Kwetu mzee akiikataa shikamoo yako, jiandae.

Bi Tatu akanishika mkono wa shati, akanivuta mpaka kwenye mlango wa nyumba, akaita, "Zaina, mwanangu, sogea kwenye mwanga."

Binti akasogea. Alikuwa amefunikwa khanga mpaka machoni. Akaishusha.

Vijana, uso ulikuwa mwekundu. Siyo wekundu wa kusuguliwa. Wekundu wa damu iliyoanza kukauka, kuanzia kwenye nywele mpaka shingoni, na mikono mpaka kwenye viwiko, kama mtu aliyechinja kwa mikono mitupu. Machozi yalikuwa yamepita mashavuni na kuacha mistari.

"Inaniwasha, kaka," akasema kwa sauti ndogo.

Mimi nilisimama pale nimeachama. Miaka yote kinuni sijawahi kuona kitu kama kile. Nikajua Bi Tatu ananitazama mimi, hatazami uso wa binti.

Nyuma yangu Mughenyi akasema, "Alikuwa mweupe asubuhi. Kapakwa dawa yako, kawa hivi. Sema umepewa nini na umepewa na nani."

"Ana maadui huyo Bi Rukia," sauti ya mzee ikasema. "Wamemtumia msagaji."

"Au Bi Rukia mwenyewe hamtaki."

"Nini kinachotoa damu kwenye ngozi bila jeraha? Tuambie, wewe mwenye mikono ya manjano."

Watu wa upande wa bwana harusi walikuwa waje baada ya sala ya alasiri. Jua lilikuwa limekwisha kuvuka utosi. Nikafikiri kukimbia, nikaona baiskeli iko mkononi mwa mwenyewe.

Mtu anapokosa akili anarudi kwenye mazoea. Nikasema, "Nileteeni bakuli." Wakaleta bakuli walilokandia. Ndani kulikuwa na tope lile lile jekundu. Nikachovya kidole, nikatia mdomoni. Wanawake wakapiga kelele, mmoja akasema anajiua.

Ulimi ukaniambia kitu ambacho macho yalikuwa hayawezi kuniambia. Chini ya uchungu wa manjano kulikuwa na ladha ninayoijua tangu sijaota meno. Ladha ya mlenda wa mama yangu.

"Nani ametia magadi humu?"

Bi Tatu akasema, bila haya yoyote, "Mimi."

"Magadi, shangazi? Kwenye singo?"

"Unga wako ulikuwa unakwaruza. Kitu kinachokwaruza tunakilainishaje? Mlenda unalainishwa na nini? Maharage makavu yanalainishwa na nini? Nikatia magadi kidogo, ukalainika vizuri."

Wanaume wakaitikia kwa vichwa, kwamba mama amesema haki. Na mimi, mtoto wa pale pale, nisingeweza kumlaumu. Ziwa liko chini pale, jua linapokausha kingo magadi yanabaki kama unga, kila nyumba ina kibuyu cha magadi. Mtu wa Mwankoko akipewa kitu kigumu, anatafuta magadi. Mzee Faraji hakuniambia, kwa sababu Pangani hakuna aliyewahi kufikiri kumpikia bibi harusi kama mlenda.

"Basi ni magadi," nikasema. "Magadi ndiyo yaliyogeuza."

Mzee yule aliyeikataa shikamoo akacheka, kicheko kibaya. "Tunakula magadi tangu kwa babu zetu. Matumbo yetu yamegeuka damu?"

Nikafungua kile kifurushi changu cha zawadi. Nikakunja mkono wa shati la Ijumaa, nikapaka unga kwa maji matupu kwenye mkono wangu wa kushoto, mbele yao, wakaona unjano. Nikaomba magadi. Mughenyi mwenyewe akanyunyiza. Mkono ukawa mwekundu huku wanatazama, taratibu, kama nguo inayoloa.

Wakarudi nyuma hatua. Nilitegemea kupumua. Lakini Mughenyi alinisogelea, fimbo iko kwapani.

"Sawa. Tumeona ni magadi," akasema. "Sasa mrudishe."

"Nini?"

"Mrudishe rangi yake. Uchawi au si uchawi, Bi Rukia ataona uso mwekundu. Atasema tumempa mgonjwa. Mrudishe."

Nikasema, kwa sauti ya fundi, "Sabuni." Sabuni ikaletwa, kipande cha mche wa kufulia. Nikasugua mkono wangu kwanza, na namshukuru Mungu nilianza na wangu. Ule wekundu haukutoka. Ulizidi. Uliwaka kama udongo wa njia panda baada ya mvua. Nikasugua zaidi, ukazidi zaidi.

"Anajua au hajui?" mtu akauliza.

"Hajui," akajibu Mughenyi.

Akaninyooshea fimbo ukutani. "Kaa pale."

Nikakaa. Vijana wawili wakasimama karibu yangu, mmoja kila upande. Ndani Zaina alikuwa analia sasa kwa sauti, na wanawake walikuwa wanambembeleza kwa Kinyaturu. Nikasikia mmoja anasema wamfunike tu, wamtoe amefunikwa, mwingine anamjibu kwamba Bi Rukia atamfunua mtoto mbele ya wote, ndivyo alivyo. Nilifikiri ng'ombe walioko zizi la watu. Nilimfikiri Mzee Faraji. Nilifikiri na kinu changu, kwamba kesho hakuna mwanamke wa Singida atakayesogelea lile dirisha.

Bi Tatu akaja na kata ya uji.

"Kunywa."

"Shangazi, sina kiu."

"Mgeni ni mgeni. Hata mchawi anakunywa kwanza. Kunywa, watu wasiseme."

Ulikuwa uji wa uwele, umetiwa ukwaju, mkali wa kukunja uso. Niliipokea kata kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka. Mikono ilikuwa inatetemeka, hilo siwezi kuwaficha. Uji ukamwagika, ukateremka kwenye mkono wangu wa kushoto.

Na pale ulipopita, wekundu ukaondoka.

Nilikodoa macho. Mstari mmoja wa njano safi kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo, katikati ya damu yote ile. Niliusugua kwa kidole. Ni njano. Nikamwaga tena kidogo, nikaona njano inapanuka. Nilipoinua kichwa, Bi Tatu alikuwa amechuchumaa mbele yangu, ameuona mkono, na ameuona uso wangu.

Nikafunga mdomo. Nikasimama. Na kwa sauti ya mtu aliyekuwa akijua tangu asubuhi, nikasema, "Nilikuwa nasubiri muone kwanza kwamba sabuni haifai. Sasa leteni ukwaju."

Mughenyi akanitazama. "Ukwaju?"

"Ukwaju. Ulowekeni kwenye maji ya vuguvugu, mkamue, mchuje kwa kitambaa, usibaki na nyuzi. Mwosheni kwanza magadi kwa maji mengi, ndiyo yanayomwasha. Halafu mpakeni maji ya ukwaju kwa pamba au kitambaa laini, yasiingie machoni. Msisugue!"

Wakanitazama wote. Nikaona bado wanapima. Ndipo Bi Tatu akainuka, akajipangusa magoti, akasema, "Mmesimama nini? Fundi amesema ukwaju."

Sikuruhusiwa kuingia, si mahali pa mwanamume. Nilisimama nje ya mlango natoa maagizo kwa mlango. Ndani nilisikia maji, nikasikia Bi Tatu anasema tulia mama, fumba macho. Kisha ikaja sauti nyingine, kutoka barabarani: injini ya lori, na juu yake vigelegele. Upande wa bwana harusi ulikuwa umefika, na alasiri bado.

Mughenyi akasogea karibu yangu mpaka nikasikia pumzi yake.

"Ukwaju wako ukishindwa," akasema, "usipande baiskeli yangu."

Bi Rukia alishuka lorini kwa kushikwa mikono miwili. Baibui jipya, na manukato yaliyotangulia mbele yake kama mjumbe. Akasalimiwa na wazee, akaitikia huku anatembea. Hakukaa kwenye mkeka aliotandikiwa.

"Mkwe wangu yuko wapi? Nataka nimwone kabla ya maneno."

"Mama, pumzika kwanza," mzee akamwambia. "Maji..."

"Nitapumzika nimekwisha kuona."

Akanipita pale mlangoni. Akautazama mkono wangu wa kushoto, nusu mwekundu nusu wa njano, akanitazama usoni, akaingia. Mlango ukafungwa.

Nimesimama stesheni ya Itigi usiku na mchana nikisubiri treni isiyokuja. Kungoja kule hakukuwa kurefu kama kungoja ule mlango.

Kikatoka kigelegele kimoja, cha Bi Tatu, naijua sauti yake. Kikafuatwa na vya wote.

Bi Rukia akatoka ametabasamu kama mtu aliyeshindwa dau dogo. "Kumbe Mwankoko mnajua kazi," akawaambia wazee. "Mtoto kawa dhahabu. Ila mbona ananukia ukwaju?"

Wazee wakanitazama mimi. Nami nikatazama mlango.

"Ndivyo sisi tunavyosinga," akasema Bi Tatu nyuma yake. "Ninyi pwani hamtii?"

Bi Rukia akafikiri. "Tunatia," akasema. "Lakini si sana."

Nilimwona Zaina alipotolewa baada ya nikaha. Alikuwa wa njano laini mpaka kwenye vidole, ana uchovu, ana cheko. Mughenyi alinirudisha mjini jioni ile kwa baiskeli, na njiani akanisimulia mambo ya ng'ombe, mchumba, na mvua, maneno mengi kuliko ninayoyasikia kwa mwezi mzima. Kabla ya mfungo, Bi Rukia alimtuma mtu kinuni anunue singo "ile ya Mwankoko, ya ukwaju", na tangu hapo nikawa nafunga karatasi mbili, moja ya unga na moja ya ukwaju, na kumwambia kila mama kwa mdomo wangu: magadi hapana, sabuni hapana mpaka manjano yatoke yenyewe, na mchuzi wenye manjano usiutie magadi kama hutaki wageni wako wakimbie. Ninyi nanyi semeni hivyo hivyo. Msiseme tu "kanda kwa maziwa" mkadhani mtu amewaelewa. Mwulizeni kwao wanalainisha vitu kwa kitu gani.

Bi Tatu alisubiri watu wasahau. Kisha akaja dirishani, foleni ikiwa ndefu, kaniki ile ile.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nimekuja kuvikwa."

"Kuvikwa nini?"

"Siku ile ukutani, uji ulipomwagika. Mdomo ulikuwa wazi, nzi angeingia akazaa. Niseme kwa sauti, au unachukua kofia?"

"Shangazi, yale niliyafanya makusudi..."

"Jamani," akawageukia wanawake wa foleni, "mnajua huyu siku ile..."

Nilifunga dirisha, nikachukua kofia. Kwenye duka la ushirika khanga zilikuwa hazijafika tangu mvua za vuli, kwa hiyo ilibidi twende kwa mtu anayemjua mtu. Shangazi alizifunua zote mpaka za chini, akachagua yenye maua mekundu pembeni, akanitazama, akaibadilisha kwa ya njano. Akajifunga pale pale, akageuka huku na huku, akasema sasa tumemaliza, na kwamba kwake siri haiibiwi. Hakuwahi kuitoa mpaka leo ninapoitoa mwenyewe. Doti ile ilinigharimu shilingi arobaini na moja na senti sitini.